Ngamia Waliokuja Somo la Muziki

Wiki iliyopita shuleni kwetu iliteremshwa katoni ya filimbi za plastiki, zile za kufundishia muziki. Zilinuka kandambili mpya. Mkuu wa shule aliikagua katoni kwa ncha ya kiatu, akanigeukia mimi mwalimu wa sanaa, akasema niipeleke stoo na kuifungia huko, kwa sababu jamii ya huku haitaki mambo ya muziki. Niliipasua pale pale mbele yake nikaanza kugawa. Kufikia saa sita hakukuwa na darasa lililoweza kusikilizana. Tangu siku hiyo hanisalimii, na mimi sina haja ya salamu yake. Sentensi hiyo ya “jamii haitaki” niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, kutoka kwa mkuu mwingine wa shule, nami niliimeza nzima nzima na kuishi nayo tumboni miaka mingi.

Ninyi mliosoma huku kaskazini wakati wangu mtaikumbuka ratiba ya ukutani. Yetu ilikuwa imechorwa kwa rangi ya kijani kwenye ukuta wa darasa, mistari imenyooka, herufi zimepambwa, na Alhamisi kabla ya mapumziko ya mchana palikuwa pameandikwa Muziki. Wakaguzi wakija kutoka Wajir walisimama mbele ya ukuta ule na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Kipindi hicho kikifika aliingia mwalimu wa hisabati na rula yake. Hakuna aliyetueleza lolote, kwa hiyo mpaka darasa la nne mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba muziki ni aina ya hisabati, zile za sehemu zenye namba juu na namba chini, zinazofanywa Alhamisi tu. Nilimwambia hata mama kwamba muziki ni mgumu. Mama alinihurumia.

Mkuu wa shule wetu wa wakati huo alikuwa mtoto wa pale pale, tena wa ukoo wetu kwa mbali. Tulimwita Alama, kwa siri, kwa sababu hakukuwa na jambo lililomfurahisha au kumkasirisha duniani isipokuwa alama za mtihani. Ukiugua alikuuliza utarudi kabla ya mtihani au baada. Shule yetu ndogo, kwenye njia ya kwenda Griftu, ilikuwa ya mwisho katika tarafa nzima, na aibu hiyo aliibeba usoni kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Kisha akaja Mwalimu Barasa. Alitoka Bungoma, mwembamba, mwenye miguu mirefu, na siku ya kwanza alilalamika kwamba chai yetu ni sukari iliyotiwa maji. Tulimpenda kuanzia hapo. Alitazama ratiba ya ukutani, akaona Alhamisi pameandikwa Muziki, kipindi alichopangiwa yeye, na yeye, maskini, akadhani ni kweli. Aliingia darasani bila rula. Aligonga dawati kwa vidole, akatufundisha kugonga tukimjibu, kisha akatuambia wiki ijayo kila mtu alete wimbo mmoja kutoka kwao nyumbani.

Tuliogopa. Tulidhani anatupima dini yetu. Jioni hiyo wavulana wawili wakubwa walimwuliza maalim wetu wa duksi, pale tuliposomea Qurani, kama ni dhambi. Nayaeleza haya kwa sababu najua wageni wanavyopenda kumbebesha maalim kila kitu kinachokosekana huku. Maalim alisema nyimbo za kazi za wazee wetu hazina neno, twende tukaimbe, ila atakayechelewa swala ya adhuhuri kwa ajili ya wimbo atakutana na kiboko chake. Basi, hayo ndiyo yote aliyoyasema.

Alhamisi iliyofuata niliinua mkono. Nilikuwa na wimbo, tena si wa mchezo.

Ngamia wa familia yetu waliangaliwa na Adeer Salat, kaka mkubwa wa baba. Adeer kwa Kisomali ni baba mkubwa au baba mdogo, lakini kwangu neno hilo lilikuwa jina la mtu mmoja tu. Baba alikuwa dereva wa lori na tulimwona kwa nadra, hivyo shule ikifungwa mimi nilikwenda na Adeer kisimani. Wanaume wawili waliteremka ndani ya kisima, wakapandisha maji kwa ndoo mkono kwa mkono, na Adeer akasimama kwenye hori akiimba wimbo wa kunywesha. Ngamia huujua wimbo wa mwenyewe. Mamia wanaweza kuwa wamelala wakingoja, na ukianza wimbo wako wanainuka wako tu, wanakuja kwa mpangilio, wanainamisha shingo. Ulikuwa na beti nne. Wa kwanza wa kuwaita, wa pili wa kuwapa pole kwa njia ndefu, wa tatu wa kusifu maziwa, wa nne wa ndama. Adeer alikuwa na sauti mbaya, ya kukwaruza, na alijua. Nilipofika miaka tisa alisema mimi nina koo, akanisimamisha kando ya hori na kunifundisha ubeti mmoja kila likizo. Wa nne alinipa mwisho, na baada ya hapo yeye hakuuimba tena. Ukifika ubeti wa ndama alininyoshea kidole, nami nikaimba huku maji yakinirukia miguuni.

Mwalimu Barasa aliposikia beti zile alikaa juu ya dawati. Aliniambia nirudie, akaandika do re mi ubaoni, akakuna kichwa, akafuta, akaandika tena. Alisema darasa zima litakuwa likinijibu, na kwamba tutaupeleka wimbo huo kwenye mashindano ya shule mjini Wajir. Mimi niongoze, nisimame mbele. Sikuwahi kufika Wajir. Sikuwahi kuwa wa kwanza kwa chochote, maana kwenye orodha za Alama jina langu lilikuwa chini kabisa, karibu na sahihi yake. Nilitaka kitu kimoja tu, kusimama mbele ya watu wa Wajir na kufungua koo langu. Sijawahi kutaka kitu namna ile tena, na nimeolewa na nimezaa.

Kiangazi kilikuwa kikali. Visima vilikuwa mbali kidogo na shule, na makundi ya mifugo yalilala karibu nasi yakingoja zamu. Siku ya Alhamisi moja bati la darasa lilichemka, Mwalimu Barasa akatutoa nje, kwenye kivuli cha ukuta, karibu na tangi la maji ambalo gari la maji lililijaza mara moja kwa wiki. Akanyanyua mkono. Nikaimba ubeti wa kwanza kwa nguvu zangu zote, darasa likajibu, na mimi nikafumba macho kwa utamu.

Nilipoyafungua Mwalimu Barasa alikuwa anatazama nyuma yangu. Ngamia wa Adeer walikuwa wanakuja. Jike mzee mwenye kengele ya mbao shingoni alikuwa mbele, na wengine wote nyuma yake, kwa mpangilio, kama walivyofunzwa. Walipita kwenye uzio wa miiba kana kwamba haupo. Watoto walikimbia. Mimi nilibaki nimesimama, na wale wanyama wakanizunguka, wakainamisha shingo chini kwenye vumbi wakitafuta hori. Zamu yao ilikuwa bado siku tano. Walinusa miguu yangu. Kisha mmoja akanusa tangi, wengine wakamfuata, wakasukumana, na tangi likaanguka na kupasuka. Maji ya shule nzima, ya wiki nzima, yalinyonywa na mchanga tukiona.

Adeer alifika akihema, fimbo mkononi. Aliwatoa wanyama kwa shida kubwa, maana hawakutaka kuondoka, walikuwa wameitwa. Kisha akamwendea Mwalimu Barasa. Kiswahili cha Adeer kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ngamia kwa wageni.

“Mwalimu, wewe mtu mzuri,” alisema. “Lakini hii wimbo hapana imba hapa. Ngamia nasikia, nafikiri maji iko. Sasa maji iko wapi?”

Mwalimu Barasa aliomba radhi mara tatu. Adeer akanigeukia mimi, na kwangu alisema kwa Kisomali, polepole, jambo ambalo ni baya kuliko kupiga kelele.

“Umewaita ukijua huna cha kuwapa. Ukiwaita bure tena, siku yenye maji hawatakuja. Umewadanganya.”

Sikulia mbele yake. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Kwa watu wetu unaweza kumdanganya mkusanya kodi na watoto wakacheka, lakini kumwita mnyama mwenye kiu penye ukavu ni jambo ambalo hata kichaa halifanyi.

Kesho yake asubuhi Adeer alirudi shuleni na punda wawili wamebeba mitungi ya maji. Nilidhani ametozwa faini kwa ajili yangu. Niliwaona, yeye na Alama, wamesimama nje ya ofisi. Nilikuwa mbali, sikusikia neno. Niliona Adeer akizungumza kwa muda mrefu, na akiupiga mchanga kwa fimbo yake, hapa, kisha hapa, kisha pale. Alama aliitikia kwa kichwa. Nikajisemea, amekuja kunimaliza.

Jumatatu, kwenye paredi, Alama alipanda kwenye jiwe lake akatangaza kwamba wazee wamekuja wamekataa muziki. Alisema jamii haitaki, na yeye hawezi kugombana na jamii. Wimbo wa ngamia umekwisha, Wajir hatuendi, na kipindi cha Alhamisi kitakuwa cha hisabati kama kawaida. Mwalimu Barasa alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, anatazama viatu vyake. Watoto wenzangu walinigeukia wote kwa pamoja. Muhula ulipokwisha mwalimu alipanda gari la Nairobi na hakurudi, na mahali pake hakuletwa mtu.

Nilimchukia Adeer. Naliandika neno hilo lilivyo kwa sababu silijui lingine. Alikuwa amekuja na fimbo na kunipokonya Wajir, na kumfukuza mtu pekee aliyewahi kusema nina kitu. Alipokuja nyumbani nilimwekea chai mbali na mkono wake ili ainuke. Likizo ilipofika nilikwenda kisimani kwa kulazimishwa na mama. Ukafika ubeti wa nne, Adeer akaninyoshea kidole, nami nikasema nimesahau. Alinitazama kidogo, akaendelea na kazi. Likizo iliyofuata nikasema hivyo hivyo. Baadaye akaacha kuninyoshea kidole. Kisha ukaja ukame ule mkubwa, ngamia wakafa mmoja mmoja, na waliobaki wakauzwa. Hapakuwa tena na wa kuitwa.

Mimi nilisoma kwa hasira, nikafaulu kwa hasira, nikaenda chuo cha ualimu. Nikiwa huko nilizungumza na watu wa mikoa mingine waliopiga ngoma na piano shuleni kwao kama sisi tulivyocheza mpira wa soksi, na waliponiuliza kwa nini sisi hatukuwa na muziki niliwajibu kwa sauti ya mjuzi kwamba wazee wetu hawataki. Nilisema hivyo mara nyingi. Sasa nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Siku moja, karibu na kumaliza chuo, nilikuwa nyumbani. Adeer alikuwa amezeeka, mtoto wa jicho amemziba jicho moja na la pili linafifia. Mama alimwambia kwa fahari kwamba mimi nitafundisha sanaa na muziki. Adeer alicheka kidogo, kicheko kikavu.

“Kwa hiyo sasa huoni haya tena,” alisema.

Nikamwuliza haya ya nini.

“Ya wimbo wetu. Siku ile ya zamu niliwangoja ninyi. Niliwaomba watu wa visima wanibadilishie saa, wakanipa asubuhi, saa za shule. Nilijaza hori zote tatu. Nilimwambia mkuu wako alete darasa lote na yule mwalimu mrefu. Mwimbe pale kwenye maji, ngamia wanywe, mwalimu aandike anachoandika. Nilimchorea kwa fimbo kila hori itakapokuwa, na watoto watakaposimama. Akaniambia inshallah. Hamkuja. Na wewe baadaye ukasema umesahau, nikajua umeona haya kuimba mambo ya ngamia mbele ya wenzako.”

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nikamweleza paredi, jiwe, na yale maneno ya wazee wamekataa. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kurukaruka. Nilipomaliza, Adeer alipapasa ukutani akachukua fimbo.

“Nipeleke kwake,” alisema.

Mama alisema angojee kesho. Adeer alikwisha kufika mlangoni.

Alama alikuwa amestaafu, amekatiwa keki na kupewa kiti cha sofa na kamati ya wazazi, na aliuza saruji na misumari mbele ya nyumba yake. Alitupokea vizuri. Salamu zilikuwa ndefu, za watu na mifugo na mvua. Mkewe akaleta chai ya maziwa, akamwekea Adeer kikombe mkononi. Adeer akakiweka chini.

“Siku ile uliniambia inshallah,” alisema. “Watoto walikuwa wapi?”

Alama alijifanya kukumbuka polepole. Kisha akaacha kujifanya. Alisema shule ilikuwa ya mwisho, ofisi ya elimu ilikuwa inamwandama, na muziki haukuwa kwenye mtihani. Angepeleka watoto kisimani asubuhi nzima kabla ya mtihani wa tarafa? Nilimwuliza mimi, kwa ghadhabu, kwa nini basi hakusema ni yeye.

“Ningesema ni mimi, Barasa angenipeleka ofisini,” alijibu, bila haya hata kidogo. “Ratiba ilisema muziki. Lakini nikisema wazee wamekataa, nani atakwenda kuwauliza wazee? Hakuna aliyewahi kuja kuuliza. Na wewe umefaulu, binti. Tazama, leo ni mwalimu.”

Nimefikiria sana majibu ambayo ningempa. Ninayo mengi, yote makali, na yote yalikuja nikiwa kitandani siku za baadaye. Pale niliona tu jinsi alivyotuchukua mzee asiyejua ofisi na mtoto asiyejua lolote, akatugombanisha, kisha akaenda kusahihisha madaftari.

Adeer hakupandisha sauti. Aligeuza uso upande niliokaa.

“Mwimbie,” alisema.

Nilianza. Ubeti wa kuwaita ulitoka wenyewe. Wa kuwapa pole ulitoka pia, kwa kukwama. Katika wa tatu nilisimama njiani, na Adeer akanipa maneno kwa ile sauti yake ya kukwaruza, ambayo sasa ilikuwa pumzi tu, nikayafuata moja moja mpaka mwisho. Kisha nikamtazama anipe wa nne. Midomo yake ilicheza. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka, kidole kimenyooka kuelekea kwangu. Nilitafuta kila mahali ndani ya kichwa changu na sikukuta hata neno la kuanzia. Mke wa Alama alisimama na birika yake, Alama akitazama misumari yake.

“Ule wa ndama,” Adeer alimwambia Alama hatimaye, “mimi sinao. Nilikuwa nimempa huyu.”

Akainuka, akashika bega langu, tukaondoka, na chai yake ikabaki pale chini haijaguswa.